Kuapdeti BIOS ya komputa isiyo na flopi, bila kuiua

Mwalimu mmoja mstaafu ana stesheneri yake Newala, akanishushia sipiyu hapa kijiweni Mtwara mjini, kaja nayo kwenye kiroba cha salfa. Ile ile salfa ya kupulizia mikorosho. Nafungua kava nakuta unga wa njano umejaa kwenye feni, nikamwambia shikamoo mwalimu, ila hapa kabla ya yote nianze kupuliza, maana salfa na shaba haviivani hata kidogo. Akaitikia marahaba, akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa kanunua hadi diski ya GB 160, mashine inaiona GB 137 tu, kijana mmoja kamwambia dawa ni BIOS mpya (ile programu ndogo ndani ya chipu ya bodi inayoiamsha komputa), na maelezo ya mtengenezaji yanasema tengeneza flopi (ile diski laini ya zamani) ya kubutia, yani ya kuwashia mashine, nakili faili mbili, chomeka kwenye drive A. "Sasa kijana wangu, flopi nimeulizia Newala yote, wananiangalia kama nauliza bei ya heroe."

Kama na wewe umekwama hapo hapo, mwongozo ndio huu. Cha kuelewa kwanza, flopi ilikuwa gari tu. Mzigo uliobebwa ni vitu vitatu: DOS tupu (mfumo wa zamani wa kuandika amri) ya kuwashia mashine, programu ya kuandika chipu, na faili lenyewe la BIOS. Vyote vilitakiwa vienee kwenye MB 1.44, na zamani vilienea kweli maana BIOS nzima ya mashine kama ya mwalimu ni KB 512. Sony wenyewe waliacha kuuza flopi mwaka 2011 kwa hiyo usihangaike kuzitafuta. Tafuta gari lingine la kubebea mzigo ule ule.

Ila kabla hujaanza jiulize unaapdeti kwa nini. Kama mashine inafanya kazi na hamna kinachokusumbua, iache. Sababu za maana ni chache: diski kubwa haisomeki (huo ukuta wa GB 137 ni BIOS za zamani zilizokuwa zinahesabu anwani za diski kwa biti 28, mpya zikaja na 48), prosesa mpya haitambuliki, RAM inagoma, au kuna tundu la usalama limezibwa kama zile za Spectre za mwaka 2018. Mtu akikuambia apdeti BIOS ili komputa iwe na spidi, muage vizuri uondoke.

Haya tuanze. Jua mazabodi yako jina kamili, na nikisema kamili namaanisha mpaka revisheni. Kwenye Windows bonyeza Windows na R, andika msinfo32, utaona jina la bodi na toleo la BIOS ulilonalo sasa hivi. Kwenye Linux ni

sudo dmidecode -s baseboard-product-name
sudo dmidecode -s bios-version

lakini usiishie hapo, fungua kava umulike na tochi ya simu. Jina limechapwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi katikati ya sloti za PCI, na pembeni kwenye kona utakuta maandishi madogo sana "REV 1.0" au "REV 2.0". Hako kanamba ndiko kanakoua komputa za watu. Bodi mbili jina moja, rangi moja, revisheni tofauti, BIOS hazifanani. Kwa mashine za Dell, HP au Lenovo usisumbuke na bodi, chukua namba ya modeli kwenye stika ya kava, inatosha.

Faili lishushe kwenye tovuti ya mtengenezaji tu. Zile tovuti nyingine zinazokuambia "BIOS zote bure bonyeza hapa" achana nazo kabisa. Faili ni dogo, la mashine ya zamani halifiki hata MB 1, za sasa ni kama MB 16 au 32, bando halitakwisha. Soma na maelezo ya kila toleo, kuna bodi zinakutaka upite toleo fulani la kati kwanza ndio uende la mwisho, ukiruka imekula kwako. Kama wameweka namba za SHA256 (alama ya kuhakiki kwamba faili limefika zima) zilinganishe, kwenye Windows andika

certutil -hashfile bios.zip SHA256

ukiona herufi moja tu haifanani shusha upya. Ukishafungua zipu, faili la BIOS lipe jina fupi. DOS inataka herufi zisizozidi 8, nukta, halafu 3. Mi huwa naita MPYA.BIN, au MPYA.ROM kama lilikuja na .ROM.

Sasa umeme, na hapa naomba unisikilize maana nimelipia. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilikuwa nimepanga kachumba Chikongola, mvua za masika zinapiga, nikawa naandika BIOS ya mteja, nimefika kama nusu, umeme ukakatika. Ulirudi baada ya dakika tano tu lakini ile mashine haikurudi: feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi tii. Wakati chipu inaandikwa kile cha zamani kimeshafutwa na kipya hakijakamilika, kwa hiyo mashine ikiwashwa haina hata sentensi ya kwanza ya kusoma. Toka siku hiyo sigusi BIOS bila UPS, na UPS naijaribu kwanza kwa kuchomoa waya wa ukutani huku mashine imewaka, maana UPS nyingi za mtumba betri zake zimekufa zinapiga kelele tu. Ikishika dakika kumi inatosha, kazi yenyewe ya kuandika ni dakika moja mbili tatu. Huna UPS, tumia inverta ya sola. Huna vyote, mpeleke mgonjwa kwenye ofisi yenye jenereta, na jenereta iwe imeshawaka na imetulia, sio unasubiri umeme ukate ndio iwashwe. Laptopu iwe na betri nzima yenye chaji na chaja imechomekwa, vyote viwili. Na wingu likiwa limefunga huko baharini, ahirisha tu, BIOS haiozi.

Kitu kingine kabla ya safari, ingia kwenye setapu, ukurasa wa mipangilio ya BIOS (mashine inapowaka bonyeza Del au F2, wengine F10), upige picha kwa simu kila ukurasa. Muhimu kuliko zote ni ule unaoonyesha diski iko IDE au AHCI, yani namna bodi inavyoongea na diski. Na angalia kama kuna kitu kimeandikwa "Flash Write Protect" au "BIOS Protection", kizime, na bodi nyingine ni jampa (kikofia kidogo kinachounganisha pini mbili kwenye bodi) inabidi uihamishe. Hiyo kinga haikuwekwa kwa urembo. Tarehe 26 Aprili 1999 virusi vya CIH viliamka vikaandika takataka kwenye chipu za BIOS za watu, kwa hiyo baada ya pale watengenezaji wakawa makini kidogo. Ukisahau kuizima, programu itakuambia tu imeshindwa kuandika, haina madhara, ila utakaa unajiuliza.

Njia sasa. Ziko kadhaa, anza na rahisi.

Komputa ya kama miaka kumi na tano kuja huku, DOS huihitaji kabisa. Formati flashi iwe FAT32, weka faili, restati, ingia setapu, tafuta chombo cha ndani: ASUS wanakiita EZ Flash, Gigabyte Q-Flash, MSI M-Flash, ASRock Instant Flash. Dell nyingi za kuanzia 2015 hivi unabonyeza F12 inapowaka unachagua BIOS Flash Update, na lile faili lao la .exe unaliweka hivyo hivyo kwenye flashi, linasomeka. Kama Windows yako imefungwa na BitLocker, isimamishe kwanza, la sivyo baada ya apdeti itakudai ule ufunguo wa namba 48 na hapo ndipo utakapojua kama uliuhifadhi. Wa Linux wenye mashine mpya jaribuni

fwupdmgr refresh
fwupdmgr get-updates
fwupdmgr update

kama mashine yako imo, imeisha hiyo, unaenda kunywa chai. Kuna na programu za kuandikia BIOS ndani ya Windows kwenyewe, mi sizipendi, Windows ina mambo mengi nyuma, antivirusi huku, apdeti zake huku, ikiganda katikati unamlaumu nani.

Ya pili ni flashi yenye DOS. Hii ndio njia ya wengi. Chukua flashi ndogo, GB 2 ni nzuri zaidi kuliko GB 64, mashine za zamani zinachanganyikiwa na flashi kubwa. Shusha Rufus (programu ya kutengenezea flashi za kubuti), ifungue, chagua flashi yako (angalia mara mbili, inafuta kila kitu), kwenye sehemu ya kubuti chagua FreeDOS, patisheni MBR, fomati FAT32, Start. FreeDOS ni DOS ya bure iliyoanzishwa na Jim Hall mwaka 1994 na bado inatengenezwa mpaka leo, Rufus inakuja nayo ndani hushushi kingine. Ikimaliza nakili humo faili la BIOS na programu yake ya kuandikia, usiviweke kwenye folda, viache nje kabisa.

Chomeka flashi nyuma ya sipiyu, sio mbele, zile tundu za mbele waya zake nyingi zimelegea na chumvi ya bahari ya huku kwetu imeshazitafuna. Washa, ita menyu ya kubuti. Hapa watu wengi wanasema flashi haionekani kumbe ipo, BIOS za AMI (AMI na Award ni majina ya watengenezaji wa BIOS) zinaificha ndani ya "Hard Disk Drives", yani inaonekana kama diski, inabidi uingie humo uipandishe juu ya diski ya ndani. Kwenye Award utakuta USB-HDD, USB-ZIP, USB-FDD, anza na HDD, ikigoma jaribu ZIP. Ikikubali utaona C:\> imekaa inakusubiri. Kama inakupa menyu, chagua isiyopakia himem wala emm386 (visimamizi vya RAM vya DOS), au bonyeza F5 mwanzoni iruke vyote. Programu za kuandika BIOS zinataka DOS tupu kabisa.

Ya tatu ndio iliyomuokoa mwalimu, maana mashine yake haibuti flashi hata uibembeleze. Kuna kitu kinaitwa memdisk, kinachukua picha ya flopi (faili moja lenye kila kilichomo kwenye flopi) kinaiweka kwenye RAM halafu kinaiambia mashine hii ndio drive A. Mashine inaamini. Mi nina diski yangu ya GB 40 ya IDE yenye Debian (aina ya Linux) naiweka kwenye droo kwa kazi hizi, nikaichomeka pale. Unafanya hivi:

sudo apt install syslinux-common
sudo cp /usr/lib/syslinux/memdisk /boot/

Halafu unachukua picha ya flopi ya FreeDOS (tovuti yao wanatoa toleo la flopi, picha za MB 1.44), unaiita flopi.img, unaifungua:

sudo mount -o loop flopi.img /mnt

Itakuwa imejaa vitu vya kusakinishia, futa uviondoe upate nafasi, ila KERNEL.SYS na COMMAND.COM ziache palepale zilipo. Nakili programu na faili la BIOS, halafu sudo umount /mnt, nakili picha kwenda /boot. Kwenye /etc/grub.d/40_custom ongeza

menuentry "Flopi ya uongo" {
linux16 /boot/memdisk
initrd16 /boot/flopi.img
}

piga sudo update-grub, restati, na kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha) utaikuta. Kama /boot yako ni patisheni ya peke yake basi toa neno /boot kwenye ile mistari miwili. Hii inafanya kazi kwenye mashine za BIOS ya zamani tu, UEFI (BIOS za kizazi kipya) haiitaki, lakini UEFI ina vyombo vyake, ni vile vya njia ya kwanza.

Angalizo moja hapa ambalo sikuliona popote nikajifunza mwenyewe: programu itakuuliza kama inakili BIOS ya zamani kwenye A, unasema ndio, inakili, unafurahi, unarestati, nakala imepotea. Kwa sababu A yenyewe ni RAM. Kwa hiyo ukitumia memdisk nakala ya zamani ihifadhi kwenye patisheni ya FAT ya diski, kama ipo, au hakikisha umeshusha pia faili la toleo la zamani kutoka kwa mtengenezaji.

Ya nne ni CD, kama mashine ina CD na haina kingine. Picha ile ile ya flopi unaiweka kwenye folda, mfano folda inaitwa cd, unaandika

genisoimage -b flopi.img -o bios.iso cd/

unachoma, unabuti, CD inajifanya flopi. Hii A haiandikiki, hivyo nakala usiiombe hapo. Wenye ThinkPad za zamani mmepewa ISO (faili la picha) ya CD na laptopu haina CD, fanya kinyume, geteltorito -o bios.img faili.iso, halafu bios.img unaiandika kwenye flashi kwa dd, ukiwa umehakikisha jina la flashi kwa lsblk. dd haiulizi, inafuta tu.

Sasa kuandika kwenyewe. Tumia programu iliyokuja na faili lako, usiazime ya bodi nyingine. Award ni hivi:

awdflash mpya.bin zamani.bin /py /sy /cc

/sy ni hifadhi ya zamani, /py ni andika, /cc ni futa CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya setapu) ukimaliza. Kwa CD weka /sn badala ya /sy. Bodi za ASUS zenye AMI ni

afudos /ozamani.rom
afudos /impya.rom

ya kwanza inahifadhi ya zamani, ya pili inaandika mpya, hamna nafasi kati ya herufi na jina la faili.

Kwa mashine ya mwalimu ilikuwa Award. Nikaandika, nikabonyeza Enter, ikanijibu "The program file's part number does not match with your system!" Jasho. Mwalimu yuko nyuma yangu kwenye benchi anakula korosho zake hana habari. Ukiona sentensi hiyo usilazimishe, bonyeza N utoke, bado hujaharibu kitu. Nikarudi kwenye bodi na tochi, nikafuta salfa kwenye kona kwa kidole, kumbe niliyosoma 1.0 ni 1.1. Nikashusha faili sahihi, nikarudia, safari hii ikapita. Vinatokea vijiboksi kimoja kimoja vinasogea kulia, chini kuna maelezo: Write OK, No Update, Write Fail. Unataka viwe OK au No Update. Ukiona Write Fail hata kimoja, USIZIME MASHINE. Ikiwa imewaka DOS bado iko kwenye RAM na unaweza kurudia, hata kurudisha ile ya zamani. Ukizima ndio umefunga mlango na ufunguo uko ndani.

Wakati vijiboksi vinatembea usiguse kibodi, usiguse mauzi, mtoto asipite karibu na waya. Ikimaliza Award inakuambia F1 kurestati. Mara ya kwanza kuwaka inaweza kuchelewa, au ikazima na kuwaka yenyewe, tulia. Itasema CMOS checksum error, ni kawaida, ingia setapu, pakia Defaults, weka saa na tarehe, halafu toa ile simu uangalie picha zako urudishe IDE au AHCI kama ilivyokuwa, maana ukiacha tofauti Windows inakuletea skrini ya bluu na utadhani umeua. Tarehe ikipotea kila ukizima ni betri tu, CR2032, ya volti 3, ibadilishe. Diski ya mwalimu ikasomeka 160 kamili.

Na ikifa je. Kwanza chomoa umeme, toa CR2032 dakika chache, rudisha. Ikigoma, chipu nyingi zina kipande kidogo cha mwanzo ambacho hakikufutwa, kwa hiyo mashine inaweza kuwa hai kidogo hata kama skrini ni nyeusi. AMI za zamani zinatafuta faili linaloitwa AMIBOOT.ROM kwenye flopi, CD au flashi, weka uone kama taa ya flashi inapepesa. Award nyingi katika hali hiyo zinasoma flopi tu, ya kweli, na hapo ndio utamkumbuka aliyetupa drive yake. Yule mteja wangu wa Chikongola nilimponya kwa chipu ya soketi: nikapata bodi pacha, nikaiwasha ikafika DOS, nikang'oa chipu yake nzima huku imewaka, nikapachika iliyokufa, nikaiandika humo humo. Mikono ilikuwa inatetemeka na sikushauri uanzie hapo.

Siku hizi kuna CH341A, kakifaa ka USB kenye kibanio, unabana chipu yenye miguu 8 ikiwa kwenye bodi, bodi imechomolewa umeme na betri, waya mwekundu upande wa kile kidoti cha mguu wa kwanza. Isome mara mbili ulinganishe mafaili, yakitofautiana kibanio hakijakaa, usiandike chochote mpaka yafanane. Na soma namba juu ya chipu kabla ya kubana: za zamani ni volti 3.3, laptopu nyingi za karibuni ni 1.8 na zinataka adapta yake katikati, ukiibana moja kwa moja unaiunguza ile uliyokuja kuiponya.